Goma: Mashirika yanaandika watu kazi, lakini nani anachagua?

Kijana wa Goma aliyemaliza chuo akiona tangazo la kazi la shirika, mara nyingi hafikirii mshahara kwanza. Anauliza nani anamjua pale ndani. Swali hilo limezaliwa na mambo ambayo watu wa hapa waliyaona.

Tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Ili kupambana nayo, watu waliandikwa kazi kwa wingi na kwa haraka: madereva, wafagiaji, wapishi, wapimaji wa joto barabarani, wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa. Wakaaji waliiita kazi hiyo Riposte, na Goma, ambako mgonjwa wa kwanza alionekana Julai 2019, ilikuwa kituo chake kimoja kikubwa.

Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (OMS) ilitoa ripoti. Iliongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Mkongomani Julienne Lusenge. Ilihesabu watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa watu wa OMS. Wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi ili wakubali ngono, na wengine waliombwa hivyo ili wabaki kazini. Mkuu wa OMS, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba msamaha.

Tume ilionyesha pia kwamba watu wa mahali waliandikwa bila ushindani wa wazi. Hapo ndipo ofisi ya wafanyakazi, ile wengi wanaita RH, inapoingia. Anayehitaji mfagiaji akiwa ndiye anayemtafuta, anayemchagua, anayemsimamia na anayeamua kama atabaki mwezi ujao, mwanamke aliyesumbuliwa atabisha mlango gani?

Kikosi kizuri cha RH si lazima kiwe kikubwa. Shirika lenye wafanyakazi 30 linaweza kutosheka na watu wawili au watatu, mradi kazi zao zitengane. Mmoja anatangaza nafasi na kupokea barua. Mwingine anashika mikataba, mishahara na malipo ya CNSS. Mtihani unasahihishwa bila majina, na chefu wa mradi anakuwa sauti moja tu kati ya tatu wakati wa kuchagua. Malalamiko yanapelekwa kwa mtu asiye chini ya chefu huyo. Mashirika mengi yana kanuni hizi kwenye karatasi, na zinavunjwa siku ile mfadhili anapotaka kazi ianze kesho.

Vibarua ndio wanaosahaulika zaidi. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba aliyeandikwa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiandikwa tena kabla miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. RH isiyoweka daftari la siku hizo inamnyima kibarua haki, na inaliwekea shirika kesi mbele ya inspekta wa kazi.

Januari 2025 ulileta mtihani mwingine. Tarehe 20, Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada nchini, ilisimamisha msaada wake wa nje. Wiki moja baadaye M23 iliingia Goma. Benki zikafungwa, watu wakatawanyika, mishahara ikapitia simu. Nani yuko wapi, namba yake ni ipi, anadai miezi mingapi? Majibu yalipaswa kuwa katika mafaili ya RH.

Miradi iliposimama, ikabaki hesabu ya kuachishwa. Mwenye mkataba usio na kikomo ana haki ya notisi ya siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika. Kibarua aliyeandikwa kwa mdomo hana karatasi ya kuonyesha alianza lini.