NDEVU ZETU: ZINATOKA NAMNA GANI, NA TUZITUNZE NAMNA GANI?



Wengine watacheka wakiona kichwa cha habari hii. Watasema: «Mwandishi amekosa la kuandika, sasa anatuandikia ndevu!» Chekeni kidogo, kisha musome mpaka mwisho. Jambo lenyewe lilianza kwa kicheko, likaishia kwenye kituo cha afya.

Ilikuwa Jumapili jioni katika internati. Mulijua wote kwamba Jumatatu asubuhi kwenye mstari nyuso zinaangaliwa, na mwenye ndevu anarudishwa. Wembe ulikuwa mmoja, na videvu vilikuwa sita. Wa kwanza akanyoa, akaupangusa kwa karatasi ya daftari, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Mwenzetu wa sita alinyoa bila maji, bila sabuni, gizani, na wembe umekwisha kuwa butu kama kijiko. Siku ya tano kidevu chake kilivimba, kikatoa usaha, akakosa mtihani. Muuguzi alimtazama, kisha akauliza neno moja tu: «Wembe ule ulikuwa wa nani?»

Hakuna aliyeweza kujibu. Kwa sababu ya swali lile ninaandika leo.

1. NDEVU ZINATOKA WAPI?

Kila unywele unatoka katika kishimo kidogo sana ndani ya ngozi. Pale chini, kwenye mzizi, ndipo penye uhai, kwa kuwa mzizi unalishwa na damu. Sehemu tunayoiona nje imekwisha kufa, ndiyo maana ukiikata haiumi.

Vishimo hivyo tunazaliwa navyo. Hata mtoto mchanga yuko navyo kwenye mashavu, lakini vinatoa vinyweleo laini tu. Kijana akifika umri wa kubalehe, mwili wake unatengeneza kwa wingi homoni inayoitwa testosteroni. Homoni hiyo inasafiri katika damu na kuamsha vishimo vya uso. Kwa kawaida ndevu zinaanza kwenye pembe za mdomo wa juu, zinaenea juu ya mdomo mzima, zinafika mashavuni karibu na masikio, na mwishoni zinajaza kidevu. Kazi hiyo haimalizwi kwa mwezi mmoja. Mwingine anaanza na miaka 14, mwingine 17, na wanaume wengi ndevu zao zinaendelea kujaa mpaka miaka 25 na kupita.

Zikisha kutoka, zinakua karibu sentimetre moja kwa mwezi. Nani anaamua ziwe nyingi au chache? Ni urithi. Utazame baba yako, wajomba zako na babu zako. Kama wao wako na ndevu chache, usishangae na zako zikiwa chache. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na testosteroni sawasawa, lakini vishimo vya mmoja vinaisikia kuliko vya mwenzake.

Sisi watu wa Rutshuru tuko na mfano karibu yetu. Katika Parki ya Virunga, gorila dume anakaa na mgongo mweusi miaka mingi. Akifika miaka kama 12 au 13, mgongo unaanza kuwa mweupe kama fedha. Hakuna anayempaka dawa. Siku yake inafika, basi.

2. «UKINYOA SANA, ZITAJAA». NI KWELI?

Mdogo wangu mmoja wa darasa la chini aliniuliza:

— Yaya, banasema nikinyoa kila siku ndevu zitatoka haraka. Ni ya kweli?
— Hapana, kadogo. Ni bongo.
— Lakini mi nilinyoa, zikarudia nguvu!

Hakusema uongo, alidanganywa na kidole chake. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba, kama ncha ya jani. Ukiukata kwa wembe unabaki na ncha pana, kama bua la muhindi lililokatwa na panga. Ukipitisha mkono unakwaruza, nawe unafikiri umenenepa. Lakini wembe haufiki kwenye mzizi, na mzizi haujui kama juu kumekatwa. Jambo hili lilipimwa zamani: mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alifuata wanaume wanne walionyoa kwa utaratibu, akapima nywele zao. Hakuona kuwa kunyoa kumeziongeza unene wala mwendo.

Basi, wadogo zetu munaokwaruza mashavu matupu kila asubuhi, muache. Munaumiza ngozi bure.

Tena musipake dawa ya meno, ndimu, mafuta ya taa wala vitu vingine vya namna hiyo. Vinachoma ngozi, havina kazi nyingine. Iko pia dawa ya maji inayoitwa minoxidil. Ilianza kama dawa ya watu wenye tension, kisha ikaonekana inaotesha nywele za kichwa. Siku hizi vijana wanaipaka kidevuni. Mtu wa chini ya miaka 18 asiiguse bila kuambiwa na muganga, ju inaweza kusumbua ngozi, na ikiingia mwilini inaweza kusumbua hata moyo.

3. VIPELE BAADA YA KUNYOA

Huu ndio ugonjwa wa ndevu tunaouona zaidi kati yetu, na wengi wanafikiri ni uchafu. Sivyo. Sababu ni umbo la nywele zetu.

Nywele za watu weusi zimejikunja. Ukinyoa karibu sana na ngozi, unaziacha na ncha kali kama mkuki. Zikianza kukua zinapinda, zinarudi na kuchoma ngozi, zinaingia ndani. Mwili unaziona kama mwiba, nao unapigana nazo. Pale panavimba, panakuwa kipele, na ukikikamua kinaingia uchafu na kutoa usaha. Vikirudi kila juma vinaacha alama nyeusi, na kwa wengine kovu nene linaloinuka, ambalo haliondoki kwa urahisi.

Anayeugua hivyo na kunyoa tena juu ya vipele anaongeza moto kwenye moto. Dawa ya kwanza ni kupumzisha uso: usipitishe wembe kwa majuma matatu au manne. Nywele zikirefuka, nyingi zinajitoa zenyewe katika ngozi. Baada ya hapo ni afadhali kuzipunguza kwa makasi au kwa mashine ya kinyozi, ukiacha kidogo kama milimetre moja. Hata katika jeshi la Marekani, ambamo kunyoa ni sheria, askari wenye ugonjwa huu, na wengi wao ni weusi, waliweza kuandikiwa na muganga karatasi ya kuwaruhusu wasinyoe.

4. WEMBE WA WOTE NI HATARI YA WOTE

Sasa turudie swali la muuguzi.

Kila anayenyoa anajikata. Mara nyingine huoni damu, lakini ngozi imefunguka. Wembe ukipita kwa mwenzako, unabeba damu yako kidogo na kuiingiza kwake. Katika damu hiyo munaweza kuwa na mambo haya:

a) Hepatiti B. Ni ugonjwa wa ini. Kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili, katika damu iliyokauka, siku saba na zaidi, na bado kikaambukiza. Kuupangusa wembe kwa karatasi si kitu. Mgonjwa anaweza kukaa miaka bila kujua, na mwishoni ini linaharibika au linapata kansa. Chanjo iko; uliza kwenye kituo cha afya.

b) Ukimwi, tunaoita pia Sida. Kirusi chake hakidumu nje kama kile cha hepatiti B, lakini wembe wenye damu mbichi unaopita mara moja kutoka uso hadi uso unaweza kukibeba.

c) Vidudu vya majipu na fangasi. Fangasi wa ndevu analeta duara lenye magamba, na nywele za pale zinang'oka. Wale wanaochunga ng'ombe nyumbani wakumbuke kwamba ng'ombe nao wako na fangasi wa namna hiyo, wanaweza kuwaambukiza. Dawa yake si sabuni tu, inafaa kumwona muganga.

Servieti nayo isizunguke. Mwaka 2024 mpox ilisambaa katika Kivu, na tarehe 14 Agosti mwaka ule OMS ikaitangaza kuwa hatari kwa mataifa yote. Inaambukiza kwa kugusana ngozi, na pia kwa nguo na servieti za mgonjwa. Sisi tuliopita katika Ebola ya 2018 mpaka 2020 tulizoea kunawa mikono kwenye kila mlango. Je, tulijifunza kunawa mikono tu, tukasahau wembe?

Kwa kinyozi vilevile, usione haya kusema: «Baba, samahani, utakase mashine kwanza na alkoli.» Kinyozi mzuri hakasiriki. Na kama anatumia wembe, uwe mpya, afungue karatasi yake mbele ya macho yako.

5. NAMNA YA KUNYOA NA YA KUTUNZA

Anayenyoa afanye hivi:

— Anawe mikono na uso kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Si lazima tufike kwenye chemchemi za Mai ya Moto. Sufuria ndogo jikoni inatosha. Maji hayo yanalainisha nywele.
— Apake povu la sabuni na kungoja dakika mbili, tatu.
— Apitishe wembe wake mwenyewe, mkali, polepole, kufuata upande nywele zinaolalia. Asivute ngozi, asirudie fasi moja mara nyingi.
— Asuuze kwa maji safi ya baridi, akaushe kwa kugusa-gusa, asisugue. Akiwa na vazelini, apake kidogo sana.
— Wembe auoshe, aukaushe, auweke pake. Ukiwa butu, autupe katika shimo la choo, si katika kiwanja fasi wadogo wanacheza mpira.

Anayefuga ndevu, kama walimu wetu wengine, naye ana kazi. Azioshe kila siku zinapopata vumbi na jasho, afikishe maji mpaka kwenye ngozi, azikaushe, azichane, apake mafuta kidogo zisikauke. Azikate kwa makasi zikienda ovyo. Na azisafishe baada ya chakula! Sombe katika ndevu haipendezi mtu.

Kwa ndani ya mwili, kula vizuri: maharagi, mayai, samaki, ndagala, mboga za majani. Unywele umetengenezwa kwa protini. Chakula hakitakupa ndevu ambazo urithi haukukupa, lakini njaa inaharibu hata zile ulizo nazo.

6. WASIO NA NDEVU, NA DADA ZETU

Tunajua namna wengine wanavyochekwa: «Weye ungali mtoto, kidevu kama sahani!» Mwenye kuchekwa ndiye anayeazima wembe wa watu usiku. Basi kicheko chetu nacho kina damu ndani yake.

Patrice Lumumba tunamjua kwa miwani na ndevu fupi za kidevuni. Lakini mwaka 1960, alipokuwa Waziri Mkuu na miaka 34 tu, watu walisikiliza maneno yake, hawakuhesabu nywele zake.

Na dada zetu: kuna msichana anayeota nywele chache kidevuni. Mara nyingi ni urithi tu. Zikiwa nyingi, pamoja na siku za mwezi zisizofuata utaratibu, ni homoni, na muganga anaweza kusaidia. Si uchawi, wala si jambo la kuimbia wimbo.

7. NGOJENI YERIKO

Katika 2 Samweli 10 tunasoma kwamba Hanuni, mfalme wa Waamoni, aliwanyoa wajumbe wa Daudi nusu ya ndevu ili awaaibishe. Daudi hakuwacheka. Hakuwaambia pia wamalize kunyoa haraka waonekane safi. Aliwapa ruhusa wakae Yeriko mpaka ndevu zao ziote, kisha warudi.

Kwa hiyo tuko na ombi dogo kwa Bwana Prefe na Bwana Direkta wa Nidhamu, kwa heshima yote. Hatuombi sheria ya unadhifu ifutwe. Ni sheria nzuri. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi mwenye vipele na karatasi ya muganga aruhusiwe kukata kwa makasi tu, yaani apewe Yeriko yake. Pili, kabla ya Jumatatu, kila mmoja wa internati aulizwe kama yuko na wembe wake, kama tunavyoulizwa juu ya daftari na kalamu. Bei ya wembe ni ndogo. Bei ya ini haijulikani.

Na wewe, ndugu msomaji, Jumapili jioni mtu akikunyoshea wembe, uulize kwanza: «Huu ni wa nani?» Kama si wako, umrudishie na umshukuru. Afadhali urudishwe kwenye mstari na ndevu zako, kuliko kuingia darasani na ugonjwa wa mwenzako.



Mwanafunzi mmoja wa sehemu ya Sayansi