Herufi nene za kaliko zetu: zinafaa wapi, hazifai wapi?



Mikutano ya injili ikikaribia, tunafunga kaliko kando ya barabara hapa Rwambuzi na katika mitaa mingine ya Bunia. Mara nyingi tunachagua herufi nene, ndefu, zilizobanwa ubavuni, zisizo na vijimkia kwenye ncha. Kwa kuwa kaliko hulipwa kwa sadaka ya waumini, inafaa tujue kazi ya herufi hizo.

Herufi za kuchapa zisizo na vijimkia zilitolewa London na William Caslon wa Nne mwaka 1816. Wachapaji wa matangazo wakazifanya nene na nyembamba ili maneno mengi yaenee. Impact, iliyochorwa na Mwingereza Geoffrey Lee, ilitoka mwaka 1965, na leo imo katika kompyuta nyingi. Bebas Neue, ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa, hupatikana bure.

Kwa nini kuzibana? Tuchukue maneno MKUTANO WA INJILI: pamoja na nafasi, ni alama 17. Kaliko ina nafasi ya sentimeta 360. Kama upana wa herufi ni sawa na urefu wake, kila herufi itasimama sentimeta 21 tu. Ikibanwa upana uwe nusu ya urefu, itafika sentimeta 42. Kitambaa ni kilekile, lakini mwenye pikipiki anasoma akiwa bado mbali.

Lakini unene una hasara. Tundu za ndani ya A, B na E huzibika herufi zikiwa ndogo. Tena maneno yote yakiwa katika herufi kubwa, yanaonekana kama matofali yaliyo sawa, na mama anayejifunza kusoma anachoka. Kwa hiyo herufi hizi ni za kichwa cha tangazo, si za barua, nyimbo wala maelezo marefu.

Hilo si jambo dogo kwetu. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulijifunza kwamba tangazo la afya lisiloeleweka linaweza kugharimu uhai. Na ndugu waliokimbia vita wakisoma vibaya siku au mahali pa kugawiwa chakula, watoto wao watalala njaa. Basi tuweke kwa herufi nene jambo moja. Siku, saa na mahali zifuate kwa herufi za kawaida, zenye nafasi ya kutosha.

Tujiulize pia: ni nini tunachokikuza? Kwenye kaliko nyingine jina la mhubiri lajaza kitambaa, na mahali pa ibada pamefichwa pembeni. Paulo naye aliwaandikia Wagalatia kwa herufi kubwa, kwa mkono wake mwenyewe (Wagalatia 6:11). Mistari mitatu mbele, anakataa kujisifia kitu chochote isipokuwa msalaba. Tunapopeleka kazi kwa mchapaji, tuusome kwanza mlango huo.