Kava jembamba la simu: Kinga au pambo?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

WANUNUZI wa simu ndogo za kisasa mkoani Simiyu wanapaswa kukagua kona na kingo za kava kabla ya kulilipia, kwa kuwa unene wake pekee hauonyeshi kama litaokoa kioo siku simu itakapoanguka.

Suala hilo si la urembo peke yake. Katika mkoa huo, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na unaotegemea sana zao la pamba, simu imekuwa pochi, daftari la hesabu na njia ya kuwasiliana na mnunuzi. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na wapo wakulima na wafanyabiashara ambao sehemu kubwa ya fedha zao hupita simuni.

Kioo kikipasuka, fedha hizo hazipotei, kwani laini inaweza kuhamishiwa simu nyingine. Kinachokwama ni picha, kumbukumbu za madeni na mawasiliano yaliyohifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Aidha, kioo cha simu ndogo ya toleo la zamani hakipatikani katika kila duka. Kikikosekana Bariadi hulazimu kuagizwa Mwanza au Kariakoo, Dar es Salaam, na mwenye simu hubeba gharama ya kioo, usafiri na ufundi.

Simu ndogo zinazokusudiwa hapa ni zile zenye kioo cha chini ya inchi 5.5, ambazo hushikika kwa mkono mmoja. Mfano ni iPhone SE ya mwaka 2020 yenye kioo cha inchi 4.7, na iPhone 13 mini ya mwaka 2021 yenye inchi 5.4. Wanaochagua simu hizo hutaka wepesi, hivyo kava nene huwaondolea sababu ya kuzinunua. Ndipo kava jembamba linapopata soko.

Simu nyepesi ina nafuu

Kwa upande wa uzito, mwenye simu ndogo anaanza na nafuu. Simu yoyote ikianguka kutoka urefu wa mita 1 hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 16 kwa saa, iwe ndogo au kubwa. Tofauti ipo katika nguvu inayobebwa na uzito. iPhone SE ya mwaka 2020 ina gramu 148, wakati iPhone 14 Pro Max ina gramu 240. Hivyo simu hiyo kubwa hugonga sakafu ikiwa na nishati zaidi ya mara moja na nusu ya ile ndogo.

Kazi ya kava ni kuipunguza kasi hiyo taratibu. Kama sehemu laini inabonyea milimita 2 badala ya 1 kabla ya simu kusimama, nguvu ya wastani inayoifikia simu hupungua kwa nusu. Kwa sababu hiyo, milimita moja ya ziada kwenye kona ina faida kubwa kuliko milimita moja mgongoni. Simu ikiangukia kona, nguvu yote hukusanyika mahali padogo, na ufa huanzia hapo.

Kava jembamba lililotengenezwa vizuri huwa jepesi mgongoni lakini limeongezwa unene kwenye kona nne. Lile ambalo unene wake ni uleule kila mahali, na hasa likiwa la plastiki ngumu, huzuia mikwaruzo tu.

Kipimo cha kadi

Jambo la pili ni ukingo unaozunguka kioo. Simu ikianguka kifudifudi juu ya sakafu tambarare, ukingo ulioinuka ndio unaotangulia kugusa chini. Ukingo ukiwa sawa na kioo, kava halina msaada wowote katika anguko la namna hiyo.

Mnunuzi anaweza kupima bila kifaa maalumu. Kadi ya benki ina unene wa takriban milimita 0.76. Simu ikiwa ndani ya kava, kadi ilazwe juu ya kioo karibu na ukingo. Ukingo ukiwa sawa na uso wa kadi au kuipita, kuna nafasi ya kutosha kati ya kioo na sakafu. Ukionekana kuwa chini sana ya kadi, kinga ni ndogo. Wenye mazoea ya kubandika kilinda kioo wapime kikiwa kimebandikwa, kwani nacho hupunguza nafasi hiyo. Lenzi za kamera nazo zikaguliwe, maana simu hulazwa chali mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, ukingo huo hausaidii pale simu inapoangukia juu ya changarawe. Jiwe dogo lenye ncha hupenya na kugonga kioo moja kwa moja.

Vumbi, jua na mtandao

Mazingira ya Simiyu yana masharti yake. Katika maeneo yenye udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, chembe za mchanga huingia kati ya kava na simu. Chembe hizo ni ngumu kuliko kioo na rangi ya simu, nazo husugua kila simu inapotiwa mfukoni. Kava linalobana vizuri hupunguza tatizo hilo, lakini haliliondoi. Inafaa kulivua mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi na kufuta pande zote kwa kitambaa kikavu.

Plastiki laini inayobonyea hupokea mgongano vizuri na haitelezi mkononi, ingawa iliyo angavu hugeuka njano kutokana na jua, joto na jasho. Silikoni hushikika vizuri zaidi lakini hukusanya vumbi. Plastiki ngumu ndiyo nyembamba kuliko zote, ila huteleza na hupasuka kona. Kava la chuma halifai kwa walio mbali na minara, kwani chuma huzuia mawimbi. Simu hulazimika kuongeza nguvu ya kutafuta mtandao na betri huisha mapema.

Joto nalo huzeesha betri. Simu ikipata moto wakati wa kuchajiwa, ni vyema kuivua kava. Waendesha bodaboda wanaofunga simu kwenye usukani wakumbuke kuwa kava halizuii mtetemo. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kuwa mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake.

Maandishi ya kwenye boksi

Baadhi ya makava huuzwa yakiwa na maandishi ya MIL-STD-810, yaani kiwango cha majaribio cha Jeshi la Marekani. Jaribio linalotajwa zaidi ni la kuangusha kifaa mara 26 kutoka sentimita 122, juu ya ubao uliolazwa juu ya zege. Kiwango hicho huruhusu maanguko hayo kugawanywa kwa vifaa hadi 5, na jeshi halitoi cheti kwa kava lolote. Maandishi hayo ni maelezo ya mtengenezaji, wala si dhamana kwamba kioo hakitapasuka.

Mwisho ni kipimo cha mwili wa simu. Kava la iPhone 8 huingia iPhone SE za mwaka 2020 na 2022 kwa kuwa umbo lao ni moja. Lakini kava la iPhone 12 mini halifai kwa 13 mini, ambayo kamera yake ni kubwa zaidi. Kwa simu za aina nyingine, jina kamili la toleo hupatikana kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Kabla ya kulipa, mnunuzi avalishe kava, abonyeze vitufe vyote, achomeke chaja na apige simu kuhakikisha sauti inasikika pande zote mbili.

Kava likikidhi hayo, wembamba wake si kasoro kwa mwenye simu ndogo anayeibeba mfukoni. Anayefanya kazi juu ya ngazi, shambani kwenye mawe au katika maji bado anahitaji kava nene zaidi, na kwa maji, mfuko maalumu usiopitisha maji.