Njaa Inayojificha Ndani ya Singa

Singa ya mkia wa ng'ombe hukua kwa sentimita mbili hadi tatu kwa mwezi, na kila kipande chake kimejengwa kwa kaboni na naitrojeni zilizotoka kwenye malisho ya wakati ule. Mtafiti akiikatakata na kuipima, husoma mnyama alikula nini bila kumfuata machungani. Nyasi za nchi za joto, na pamoja nazo mahindi, mtama na uwele, zina kaboni-13, yaani kaboni nzito, nyingi kuliko miti na vichaka, kwa tofauti inayokaribia sehemu 15 kwa elfu. Naitrojeni-15, yaani naitrojeni nzito, nayo hupanda kwa sehemu tatu hivi kwa elfu kutoka kwa kinacholiwa hadi kwa mlaji. Michael DeNiro na Samuel Epstein waliweka msingi wa kanuni hizi mwaka 1978 na 1981, na mwaka 1986 Stanley Ambrose, pamoja na DeNiro, alizitumia kwa wanyama wa Afrika Mashariki. Ni kanuni nzuri, ila zinachukulia kwamba mnyama anakula cha kumtosha, na nyanda za kati za Tanzania hazimpi uhakika huo mwaka mzima.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka. Ikifika Oktoba nyasi zimebaki vijiti vikavu vyenye protini kidogo sana, na ng'ombe hutembea mbali kutafuta maji. Hapo huanza kuvunja misuli yake mwenyewe ili aishi. Ini hutoa mabaki ya protini kwa njia ya yurea, na naitrojeni-14, kwa kuwa ni nyepesi, hutangulia kutoka kupitia mkojo. Aliyeshiba hufidia hasara hiyo kwa malisho mapya. Mwenye njaa hana cha kufidia, na kinachobaki mwilini huzidi kuwa kizito. Mwaka 1993 Keith Hobson na wenzake walionyesha jambo hili kwa kware walionyimwa chakula cha kutosha. Mwaka 2005 Benjamin Fuller na wenzake walilikuta kwenye nywele za wajawazito waliopungua uzito kwa kutapika. Mnyama aliyekonda, kwa maneno mengine, huonekana kana kwamba amepanda ngazi ya ulaji, ilhali anachokula ni mwili wake.

Kuna wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Brett Murphy na David Bowman walipima mifupa ya kangaruu wa Australia mwaka 2006 wakaona kwamba naitrojeni-15 nyingi katika maeneo makavu inaelezwa na mimea yenyewe, si na fiziolojia ya mnyama. Nakubali kwamba bila kupima nyasi za mahali husika hakuna anayeweza kuhukumu. Lakini wao walilinganisha mahali na mahali. Mabadiliko ndani ya singa moja ya mnyama mmoja, kutoka masika hadi kiangazi, ni swali jingine. Wengine husema athari ya njaa ni ndogo, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa elfu. Ni ndogo kweli ukitaka kumtenganisha simba na pundamilia. Ukitaka kujua kama ng'ombe wa Kondoa alihama kutoka nyasi kwenda vichaka, au ndama aliachishwa ziwa lini, sehemu hiyo moja inatosha kukupoteza.

Kaboni inaweza kutusaidia kidogo hapa. Kiangazi kikikaza, mifugo huokota maganda ya migunga, na migunga, kama mimea mingi ya jamii ya kunde, hupata sehemu ya naitrojeni yake hewani kupitia bakteria wa mizizini, hivyo mara nyingi naitrojeni-15 yake huwa chini. Kaboni ikiegemea upande wa miti, naitrojeni-15 nayo inapaswa kushuka. Ikipanda, njaa ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ni kweli kwamba kuchoma mafuta ya mwili nako hushusha kaboni-13, lakini kiasi chake ni kidogo mno mbele ya pengo kati ya nyasi na miti. Kwa aliyekula mabua ya uwele badala ya nyasi, hata hivyo, kaboni haisemi lolote, maana vyote viwili viko upande mmoja. Tena mnyama dhaifu huotesha singa polepole, kwa hiyo miezi ya shida ndiyo inayobanwa katika milimita chache na kupitwa kwa urahisi zaidi.

Jaribio la kulimaliza swali hili lingefaa sana Mpwapwa, kwenye utafiti wa mifugo wa muda mrefu na aina ya ng'ombe iliyozalishwa hapohapo. Makundi mawili yalishwe nyasi zilezile, moja hadi lishibe na jingine kwa kipimo cha Oktoba, yakipimwa uzito kila wiki. Wasipewe mashudu ya alizeti, kwa kuwa kaboni ya alizeti ni ya upande wa miti na ingevuruga hesabu. Naitrojeni-15 ikipanda kwa waliokonda peke yao, tafsiri nyingi za ulaji wa kiangazi zitahitaji kurudiwa; makundi yote mawili yakilingana, basi hoja ya mimea itakuwa imeshinda hapa pia.