Jina la mdudu si urembo: tuwajue thripsi wa kunde

Shamba la kunde likijaa maua, kisha maua yakapukutika bila kutoa maganda, wengi wetu husingizia jua au husema "ni vidudu tu". Mara nyingi vidudu hivyo ni thripsi, ambao wengine huwaita vithiripi. Urefu wao ni milimita moja au mbili hivi, nao hujificha ndani ya ua. Likung'ute ua juu ya karatasi nyeupe, utawaona wakitembea.

Wataalamu huwaweka thripsi wote katika oda ya Thysanoptera, jina alilolitoa Haliday mwaka 1836. Kwa Kigiriki maana yake ni mabawa yenye matamvua, mfano wa pindo la kikoi. Spishi zinazojulikana zimepita 6,000, na si zote adui: wako wanaokula kuvu, na wako wanaowinda wadudu wengine. Oda hiyo ina matawi mawili. Jike wa Terebrantia ana kifaa kama msumeno, hupasua mmea akataga mayai ndani yake. Tubulifera ncha ya mwili wake ni kama mrija, naye hutaga juu juu. Waharibifu wakubwa wa mazao wamo katika tawi la kwanza.

Thripsi wa kunde anaitwa Megalurothrips sjostedti. Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo. La pili ni lake mwenyewe. Hilo la pili linamkumbuka Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya viumbe Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Vitabu vya zamani vilimwandika Taeniothrips sjostedti. Amehamishwa ukoo, lakini mdudu ni yule yule.

Jina peke yake nalo laweza kukupoteza. Thrips tabaci ni "wa tumbaku", kumbe ndiye anayesumbua vitunguu.

Yote haya yana faida gani kwa mkulima? Yupo Frankliniella occidentalis, mgeni kutoka Marekani, aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi. Ukiuziwa "dawa ya thripsi" bila kujua ni thripsi yupi, waweza kumaliza pesa, ukaua nyuki, na mdudu akabaki. Basi kabla ya kwenda dukani, watie wachache ndani ya kichupa chenye spiriti, uwapeleke kwa afisa wa kilimo. Muulize jina kwanza, dawa baadaye.