Hukumu ya Buu Aliye Ndani ya Tunda

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Katika mashamba ya Kwai, wilayani Lushoto, plamu, pichesi na peasi huweza kupasuliwa zikakutwa na mabuu. Je, ni halali kuzila?

Mafuqahaa wa kale waliwaita wadudu hawa "waliozaliwa na chakula". Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) katika Minhaj amesahihisha kauli kuwa ni halali kuwala pamoja na chakula hicho. Wakiwa peke yao, haifai.

Leo inajulikana kuwa buu hazaliwi na tunda. Nzi wa matunda hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Yai huanguliwa buu, naye hula nyama ya tunda, kisha hutoka na kujifukia udongoni. Humo huwa pupa, amefungika ndani ya gamba, mpaka atoke nzi kamili.

Je, elimu hii yaivunja hukumu? Tunasema: la. Illa waliyoitaja mafuqahaa ni uzito wa kumtenganisha buu na tunda, na uzito huo upo pale pale, yai litoke litokako.

Kwa hiyo, buu aliyekwisha kutolewa haliwi. Kiwavi wa kabichi, aonekanaye juu ya jani na kuondoka kwa kuoshwa, hana ruhusa hii. Na muuzaji ajuaye kuwa matunda yake yana mabuu ni wajibu wake kumbainishia mnunuzi. Kunyamaza ni ghushi.

Wallahu a'lam.