Hojaji ya Mtandaoni kwa Kiswahili: Matatizo ya Umbo na Utatuzi Wake katika Maeneo ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Hojaji ni chombo cha kale katika taaluma za jamii na lugha. Kwa miaka mingi mtafiti wa Kiswahili alichapisha maswali yake, akayanakili, akayabeba hadi nyanjani. Siku hizi kazi hiyo hufanywa aghalabu kwa programu kama vile Google Forms, LimeSurvey na KoboToolbox. Hata sensa ya Kenya ya mwaka 2019, iliyohesabu watu 901,777 Kericho na 875,689 Bomet, ilikusanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Hata hivyo, programu hizi zilibuniwa kwanza kwa Kiingereza, na umbo lake limebeba sarufi na desturi za lugha hiyo. Makala haya yanadhamiria kueleza matatizo yanayomkabili mtafiti anayetayarisha hojaji ya Kiswahili kwa wakulima na wachumaji wa majani chai, na namna ya kuyatatua.

Upatanisho wa kisarufi

Programu nyingi humruhusu mtafiti kuchukua jibu la swali moja na kulipachika katika swali linalofuata. Mkulima akitaja zao lake, programu huliingiza katika pengo: "___ yako iliuzwa kwa bei gani?" Kwa Kiingereza kiolezo hicho hakina taabu. Kwa Kiswahili, neno "chai" litakubali, lakini "viazi" litaleta "viazi yako iliuzwa", na "mahindi" litaleta "mahindi yako iliuzwa". Ngeli zimevunjwa, na hojaji iliyotoka chuo kikuu inasomeka kama kazi ya mgeni.

Utatuzi rahisi ni kuweka nomino moja isiyobadilika itawale sentensi: "Zao la ___ liliuzwa kwa bei gani?" Chai, viazi na mahindi yote yataingia humo bila kuvuruga upatanisho. Pale ambapo nomino ya aina hiyo haipatikani, mtafiti anaweza kuandika swali la kila ngeli peke yake, kisha aweke sharti la kulionyesha swali linalohusika tu. LimeSurvey na KoboToolbox huruhusu masharti ya namna hiyo.

"Ndiyo", "La" na neno "kabisa"

Tatizo la pili limejificha zaidi kwa kuwa halionekani kwenye kioo. Mkulima akiulizwa, "Je, hukulipwa bonasi mwaka jana?" na akajibu "Ndiyo", kwa mantiki ya Kiswahili anathibitisha kauli: hakulipwa. Mwenzake aliyezoea mantiki ya Kiingereza atajibu "Ndiyo" akimaanisha kwamba alilipwa. Programu huwahesabu wote wawili katika fungu moja, na hakuna takwimu itakayowatenganisha baadaye. Inafaa swali liulizwe kwa hali yakinishi, na majibu yawe vitenzi kamili: "Nililipwa" na "Sikulipwa". Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na ukanushi katika neno moja. Kwa hivyo jibu halitarefuka.

Hali ni hiyo hiyo katika vipimo vya mtazamo vilivyoanzishwa na Rensis Likert mwaka 1932. Tafsiri ya "Sikubaliani kabisa" ina utata: mmoja ataielewa kuwa anapinga moja kwa moja, mwingine kuwa anakubali ila si kwa ukamilifu. "Napinga kabisa" haina utata huo. Aidha, "Sina msimamo" na "Sijui" si jibu moja, wala hayastahili kuwekwa katika kisanduku kimoja.

Saa, kilo na ukubwa wa kioo

Mchumaji anayeanza kazi saa moja asubuhi, akikutana na saa ya kuchagulia ndani ya programu, huenda akachagua 1:00. Programu itahifadhi saa saba ya usiku. Dawa yake ni orodha ya maneno, yaani "saa kumi na mbili asubuhi", "saa moja asubuhi" na kuendelea, huku kila chaguo likipewa msimbo wa ndani kama 06:00 au 07:00. Vivyo hivyo, swali la kilo za majani mabichi kwa siku liwekewe kikomo, ili anayekusudia 45 asiandike 4500 bila kuonywa. Onyo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili, na vitufe navyo visome "Endelea", "Rudi" na "Tuma".

Majedwali yenye safu nyingi hubanana katika simu ndogo, hasa kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu. Ni afadhali kila kauli ipewe ukurasa wake. Ikiwa mtandao unakatikakatika, KoboToolbox ina programu ya simu inayohifadhi majibu hadi mawimbi yapatikane. Tena huwezesha lugha mbili katika hojaji moja, hivi kwamba mzee asiyekimudu Kiswahili anaweza kusomewa maswali kwa Kikipsigis.

Usalama wa mhojiwa

Yaliyotajwa yakikosewa, data huharibika. Usiri ukikosewa, mtu ndiye huumia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walifurushwa katika baadhi ya mashamba ya Kericho. Februari 2023, BBC ilifichua unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake mashambani. Mei mwaka huo huo, mashine za kuchumia chai ziliteketezwa na waandamanaji. Katika mazingira hayo, swali linaloonekana dogo kwa mwanaisimu, "Lugha yako ya kwanza ni ipi?", linaweza kusikika kama swali la kabila. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu asili ya kikabila miongoni mwa taarifa nyeti.

Kwa hivyo, mtafiti azime mipangilio inayokusanya baruapepe, namba ya simu na mahali alipo mhojiwa, ikiwa haihitajiki. Maswali mazito yasiwe ya lazima, bali kila moja liwe na chaguo la "Sipendi kujibu". Isitoshe, kiungo cha hojaji kisipitishwe kwa msimamizi wa wachumaji, kwani anayesambaza hojaji hudhaniwa kuwa ndiye atakayeisoma.

Hitimisho

Imebainika kwamba kutafsiri maneno ya hojaji hakutoshi. Umbo lake pia linahitaji kutafsiriwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anazo tayari zana za kazi hiyo: ujuzi wa ngeli, wa ukanushi na wa pragmatiki. Kabla ya kuisambaza hojaji, na aijaribu kwanza kwa wahojiwa wachache, awaombe waeleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali. Hapo ndipo atakapojua kama kilichosomwa ndicho alichokusudia kuuliza.